Mawifi na Pochi Mia Mbili

Enzi zile sarafu ilikuwa sarafu. Ikianguka sakafuni, mlio wake ulifika mitaa mitatu, na katika kila mtaa watu walijipapasa mifukoni. Kuna mzee mmoja alizirai zahanati. Wakampepea, wakammwagia maji, wakamwita kwa majina yote aliyowahi kupewa, wapi! Nesi akaangusha sarafu moja kwa bahati mbaya. Mzee akakaa kitako, akauliza, "Nani kaangusha? Hiyo ni yangu." Asiyeamini aende zahanati akaulize. Nesi alishastaafu, lakini sakafu bado ina kovu.

Ni katika enzi hizo Mama Mkasi alipoanza kukata pochi. Hakuitwa hivyo kwa sababu ana mtoto anayeitwa Mkasi. Hakuzaa, na aliyethubutu kumuuliza kwa nini alijibiwa kwamba nafasi haikupatikana, pochi zilikuwa nyingi. Mkasi wenyewe ulikuwa mweusi, mzito, mpini umezungushiwa kitambaa, na kila Ijumaa aliutia mafuta huku akiusemesha: "Leo umenitia aibu pale kwenye kona, unajua? Kesho ujirekebishe." Wapita njia walidhani anamgombeza mume.

Shule aliipita kwa nje tu, akienda kuteka maji. Kaka yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi bila kuongeza kitu, alipomkabidhi mkasi akiwa msichana wa miaka kumi na minne, alimwuliza, "Sasa wewe utapimaje, na namba huzijui?"

Mama Mkasi akamwonyesha kiganja. "Hivi nilizaliwa navyo. Futi yako ikipotea utafanyaje?"

Fundi alicheka mpaka akakaa chini, na kwa kuwa chumba kile kilikuwa na kiti kimoja tu, na kiti kilikuwa mbali, alikaa sakafuni.

Basi pochi zikapimwa kwa vidole. Unavilaza mdomoni mwa pochi, kimoja kando ya kingine, na vikienea ndio saizi yenyewe. Pochi ya kwanza aliyoikata ilikuwa ya vidole viwili, kwa sababu fedha za enzi hizo zilikuwa chache na zilitosha. Sarafu tano ziliingia, na mwenye sarafu tano alirudi nyumbani na kikapu kimejaa. Kisha noti zikaja, pochi ikawa vidole vitatu. Serikali ikabadilika, ikawa vinne. Mvua ikagoma miaka miwili, vikawa vitano, kiganja kizima. Kuna mwaka bwana mmoja alikwenda kuposa amebeba fedha zake, akafika mlangoni, wenyeji wakamwambia, "Asante baba, godoro lipeleke chumba cha nyuma."

Gavana wa benki kuu alikuwa na chati zake ukutani. Mama Mkasi alikuwa na mkono. Na mara nyingi mkono ulijua mapema, maana chati husubiri mwisho wa mwezi, lakini mama wa sokoni pochi ikimpasukia huja siku hiyohiyo.

Pochi zilikuwa bado za vidole vitatu Fundi alipooa. Mkewe alikuja na sanduku moja la bati, lenye kutu kwenye bawaba, na mkono uliojua kushona. Mshono wake ulinyooka kama umechorwa. Siku ya tatu tu baada ya harusi alikalia cherehani, akakanyaga, Mama Mkasi akamsimamia kichwani.

"Wifi, mbona unashona kama unafukuzwa na mbwa?"

"Kwa sababu wewe, wifi, unakata kama unaomba turubai msamaha. Nikikusubiri nitazeeka."

Ikawa ndiyo salamu yao kwa miaka thelathini na moja. Mmoja anakata upande huu wa meza, mwingine anashona upande ule, Fundi katikati anapigilia vifungo vya kubana. Kila pochi iliyokamilika aliifunga na kuifungua mara tatu, kach, kach, kach, kisha akaisogeza mdomoni na kuinong'oneza, "Ujae." Wateja walisikia wakacheka, lakini hakuna aliyekubali kuondoka na pochi isiyonong'onezwa.

Mchana wa saa saba jua lilipoingia kupitia dirishani, likalala juu ya meza na kuangaza vumbi la turubai, Fundi alisema wamekula dhahabu ya bure, na wao wakakubali. Njaa ilikuwapo. Deni lilikuwapo. Lakini Mama Mkasi akikumbuka siku zile, anachokumbuka ni lile vumbi linalong'aa na sauti tatu zinazobishana kuhusu jambo ambalo si la maana hata kidogo.

Fundi alipofariki, ndugu walikuja wakitegemea kugawana vitu. Mawifi wakawakalisha, wakawapa chai, wakawaambia vitu vyenyewe ni mkasi na cherehani, kimoja bila kingine ni chuma tu. Ndugu wakanywa chai, wakaenda zao. Wao wakabaki, chumba cha mbele cha kazi, vyumba viwili vya nyuma vya kulala, jiko moja. Kunong'oneza pochi wakapokezana.

*

Sasa, siasa iliingia chumba kile kupitia redioni, kila Alhamisi saa kumi, kwenye mdahalo.

Vyama vilikuwa viwili vikubwa. Kimoja alama yake ni ufunguo, na ndicho kilichoshika nchi. Kingine alama yake ni ngazi, na ndicho kilichotaka kuishika. Mama Mkasi alikuwa mtu wa Ufunguo kufa na kupona. Kaka yake alikuwa na kadi ya Ufunguo, na Ufunguo ndio ulioleta lami mpaka mbele ya mlango wao, na yeye si mtu wa kusahau lami. Wifi alikuwa mtu wa Ngazi tangu mwaka unga ulipopanda bei mara nne kati ya Jumatatu na Ijumaa.

"Uchumi wetu," angesema mtu wa Ufunguo redioni, kwa sauti ya mtu aliyekula vizuri, "umekua kwa asilimia sita."

"Umekua ukaelekea wapi?" Wifi aliuliza redio, mguu ukiwa kwenye kanyagio. "Mbona huku haujapita hata kusalimia?"

"Unakua polepole, wifi. Hata mtoto haoti ndevu siku anayozaliwa."

"Huyu wenu ana miaka ishirini, na bado hajaota hata meno."

Mtu wa Ngazi naye angeanza: fedha yetu imeshuka, dola moja sasa inataka rundo la noti, sisi tukiingia madarakani ndani ya siku mia moja fedha itarudi ilikokuwa. Hapo ilikuwa zamu ya Mama Mkasi kucheka.

"Siku mia moja! Mwenyekiti wenu wa tawi amejenga choo kwa miaka mitatu, na bado hakina mlango."

"Mlango unasubiri fedha ishuke bei," alijibu Wifi, kisha akagundua alichosema, wakacheka wote wawili mpaka uzi ukakatika.

Hivyo ndivyo walivyobishana, na hakuna aliyeumia. Shida ilianza na akina mama wa sokoni.

Walikuja watatu, wakiongozwa na muuza vitunguu, mwanamke mnene wa kifua na sauti, ndiye mwenyekiti wa umoja wao. Walitaka pochi za kiunoni mia mbili, turubai zito, za mkanda, kila mwanachama apate moja. Malipo nusu wakaacha palepale, yamefungwa kwa mpira.

Ilikuwa Alhamisi. Kabla hawajatoka vizuri mlangoni, waziri wa fedha mwenyewe akaingia redioni. Akasema, tena kwa kiapo, kwamba hali mbaya imepita. Ndani ya miezi mitatu fedha itasimama imara kama zamani, na wananchi watashangaa.

Mama Mkasi aliweka mkasi chini, akasikiliza hadi mwisho. Kama zamani. Maneno hayo mawili yalimwingia kama chai ya tangawizi. Aliona vumbi la dhahabu, akaona kaka yake anacheka sakafuni, akaona pochi ndogo nzuri zinazotosha kwenye kiganja cha msichana. Kesho yake akatandika turubai mezani, akalaza vidole, na hakulaza vitano kama alivyofanya miaka yote hiyo ya karibuni. Alilaza vitatu. Pochi zitakapokuwa tayari, alijiambia, fedha itakuwa imeshakaa sawa, na akina mama watasema huyu mwanamke aliona mbele.

Akakata mia mbili. Hakumwambia mtu.

Na Wifi? Wifi alivipokea vile vipande, akaona udogo wake mara moja, maana jicho lake si la kudanganywa. Akafungua mdomo. Kisha akaufunga. Akashona zote mia mbili, kimyakimya, kwa mshono mzuri kuliko wowote aliowahi kushona, ili zisiweze hata kufumuka zenyewe.

*

Jumanne ya wiki ya pili muuza vitunguu alikuja kuchukua mzigo. Akachukua pochi ya kwanza, akatoa kiunoni furushi lake la mauzo ya asubuhi, akajaribu kuliingiza. Halikuingia. Akalikunja mara mbili, halikuingia. Akalisukuma kwa dole gumba.

"Mama Mkasi, shikamoo yako nilikupa?"

"Ulinipa, mwanangu."

"Basi niambie kwa heshima. Hii ni ya kuwekea nini? Pini?"

"Ni ya fedha."

"Fedha ya nani? Ya panya?"

Wenzake wawili wakazijaribu zao. Mmoja akakivisha kidole chake cha mwisho pochi kama kofia. Wakacheka, lakini kicheko cha watu waliokwisha kulipa nusu hakichukui muda.

"Fedha inarudi," Mama Mkasi alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia ikipungua. "Waziri kasema. Miezi mitatu."

"Mama, mimi nauza vitunguu kesho asubuhi, siyo baada ya miezi mitatu. Jumamosi jioni tuna mkutano wa umoja. Nataka pochi zinazoingiza fedha iliyopo, siyo inayokuja. La sivyo, turudishieni chetu." Akafungasha furushi lake, akaondoka akiwa amekasirika lakini bila kusahau kuaga.

Mama Mkasi akamgeukia Wifi.

"Uliona."

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Mimi kazi yangu ni kushona kilichokatwa. Kukata ni kazi ya chama chako."

Hapo ndipo Mama Mkasi aliposema neno ambalo halikupaswa kusemwa. Lilimtoka kabla hajaliangalia.

"Unanicheka ndani ya chumba cha kaka yangu? Wewe ulikuja hapa na sanduku moja."

Wifi hakupandisha sauti. Alitazama cherehani kwa muda, kama anaisikiliza.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuja na sanduku moja. Nitaondoka na sanduku na cherehani."

Akachukua bisibisi kwenye kopo, akalegeza skrubu ya kwanza kati ya nne zinazoshika cherehani kwenye meza yake. Kisha akaenda kumpigia simu binti yake, aliyekuwa dereva wa pikapu ya kusambaza maji ya chupa katika mji mwingine. Atakuja Jumamosi.

*

Jumatano walikula pamoja kama kawaida, kwa sababu jiko lilikuwa moja. Hawakusemeshana. Chumvi ilisukumwa mezani bila neno. Wifi akatoa nguo zake kwenye kamba, akazikunja, akaanza kupanga lile sanduku la bati. Bawaba ilikuwa ikilia, na kila ilipolia Mama Mkasi alijisikia kama kapigwa kibao.

Hakuogopa kukaa peke yake, alijiambia. Alikuwa amekaa peke yake kabla. Lakini alipojaribu kukumbuka ni lini, hakupata. Kabla ya Wifi alikuwapo Fundi, kabla ya Fundi alikuwapo mama yao. Miaka sitini na minne, na hajawahi kukata kitu ambacho hakuna aliyekingoja upande wa pili wa meza.

Dawa ya pochi aliijua. Unafumua pembeni, unatia kipande cha pembe tatu upande huu na upande ule, mafundi wanakiita ubavu, na pochi inapumua, inatanuka. Mbavu mia nne, siku mbili za kazi kwa mikono minne. Lakini kutia mbavu ni kukiri. Ni kusema mbele ya mtaa mzima kwamba fedha imelala na haina dalili ya kuamka. Tena ni kuwapa Ngazi ushindi bila uchaguzi.

Alhamisi asubuhi akajitanda, akaenda ofisi ya tawi ya Ufunguo. Mwenyekiti wa tawi, kijana wa miaka hamsini aliyemzoea, alimpa kiti.

"Shikamoo, mama. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Nataka kujua kitu kimoja. Ile fedha aliyosema waziri, itakuwa imerudi Jumamosi?"

"Jumamosi ipi, mama?"

"Hii."

Mwenyekiti akavua miwani. "Mama, mambo ya uchumi mkubwa ni mapana. Hayapimwi kwa pochi."

"Yanapimwa kwa nini?"

"Kwa takwimu."

"Na takwimu zina upana gani? Nizikatie saizi yake."

Mwenyekiti alicheka, akamwambia awe na subira, chama kinathamini wazee wake. Wakati huo akaingia mtu wa viti vya mkutano kudai malipo. Mwenyekiti akainama chini ya meza, akatoa bahasha ya kaki, imefungwa kwa mipira miwili, imevimba kama shavu lenye jino bovu. Akaanza kutoa noti. Mama Mkasi hakuhesabu noti. Alitazama mdomo wa bahasha. Jicho lake likafanya lililozoea kufanya, likalaza vidole. Vitano. Tena vitano na ukucha.

Akaaga akatoka. Njiani alijikuta anacheka peke yake, kisha hakucheka tena. Ndani ya ofisi ya Ufunguo kabisa, chini ya picha ya kiongozi, hakuna aliyekuwa anaisubiri ile fedha ya zamani isipokuwa yeye.

*

Ijumaa Wifi alikuwa kwenye kiti chake, analegeza skrubu ya tatu. Mama Mkasi akaingia, akakaa upande wake wa meza, akatandika mabaki ya turubai. Akakata ubavu mmoja. Akausukuma mezani mpaka ukagusa mkono wa Wifi.

Wifi akautazama bila kuushika.

"Mwenyekiti wetu wa tawi," Mama Mkasi alianza, akiuangalia mkasi, "ana bahasha."

Wifi akazungusha bisibisi.

"Ya vidole vitano."

Bisibisi ikasimama. "Vitano?"

"Na ukucha."

Wifi alibana midomo. Alijitahidi, lakini bega lake lilikuwa limeshaanza kutikisika. "Ukucha wa dole gumba au wa kidole cha mwisho?"

"Wa gumba."

Hapo kicheko kikamshinda. Alicheka akiwa ameshika bisibisi kifuani, na Mama Mkasi akaachia cha kwake. Kisha Mama Mkasi akaacha kucheka kabla ya mwenzake.

"Wifi. Lile neno la sanduku."

"Liache."

"Siliachi. Siku tatu limekaa hapa kooni, hata chai haipiti vizuri. Ulipokuja, chumba hiki kilikuwa na kiti kimoja. Kaka yangu alikuwa akichoka anakaa chini kama kuku. Ni wewe uliyesema watu hawashoni wamesimama, ukaenda kwenu ukarudi na viti vitatu."

"Vinne."

"Vitatu."

"Vinne, wifi. Kimoja ulikivunja wewe, ukasingizia paka."

"Basi vinne. Aliyeleta viti vinne haambiwi chumba si chake. Nilikosea. Nisamehe."

Wifi aliugeuzageuza ule ubavu mkononi. Macho yalikuwa yamelowa, na hakuwa anacheka tena.

"Na mimi niliziona siku ya kwanza kabisa," akasema. "Nilijua akina mama watakuja na moto. Nilitaka wakuzomee. Nilikaa hapa siku nane nashona aibu ya mtu wa nyumbani kwangu, na nilikuwa nafurahi. Ngazi gani hiyo?"

"Nilijua."

"Hukujua."

"Nilijua leo. Niliitazama mishono. Ilikuwa mizuri mno."

Nje mtu alipita akiburuta bati. Kisha Wifi akaulaza ule ubavu juu ya pochi, akakunja uso.

"Huu ni wa kidole kimoja. Kimoja huku, kimoja kule, jumla vitano. Hautoshi."

"Unatosha. Bahasha nimeiona kwa macho yangu."

"Bahasha ni ya leo. Pochi hii mtu ataivaa miaka miwili. Weka viwili kila upande, jumla saba."

"Saba! Wifi, saba ni gunia. Wewe unakata kwa kadi ya chama."

"Na wewe hukukata kwa kadi?"

Mama Mkasi akaugeuza mkasi mkononi. "Kimoja na nusu. Jumla sita. Na usiniongezee siasa."

Wifi akapiga hesabu kwa midomo, akatazama dari, akatazama mlango wa mbele kana kwamba waziri na wapinzani wake wote wamesimama pale wanangoja jibu. "Sita," akasema. "Lakini zikipasuka kabla ya mwaka, utatamka mbele ya watu kwamba nilikwambia."

"Na zikibaki na nafasi, wewe utatamka."

"Nitatamka. Ila ujue, kesho nakwenda vilevile. Nimeshampa mtoto neno, ameomba ruhusa kazini. Nitazishona nikimaliza niende."

"Sawa," alisema Mama Mkasi, na hakuinua uso.

Wifi akageuza bisibisi upande wa pili, akakaza skrubu zote tatu ili cherehani isicheze. Wakaanza. Mmoja anafumua na kukata, mwingine anatia na kushona. Mtaa ule unasema siku hiyo mkasi ulikwenda kasi mpaka ukawa mwekundu ncha, na jirani akauomba kuwashia jiko. Hilo halina uhakika. Lenye uhakika ni kwamba mchana jua lilipoingia, hakuna aliyesimama kulitazama.

*

Jumamosi saa sita pikapu ikapiga honi nje. Binti akaingia, funguo mkononi, akazuia mguu wake mlangoni kwa sababu sakafu yote ilikuwa imejaa pochi.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," wakajibu pamoja, bila kugeuka.

"Mama, sanduku liko wapi nilipakie? Nataka nirudi barabarani kabla jua halijazama."

"Liko chumbani. Usiliguse kwanza. Shika hizi, zipange kumikumi."

Binti akainama, akachukua pochi moja, akaifunga na kuifungua, kach, kach. Akatia mkono wake mzima ndani, ukaingia. "Mbona kubwa hivi? Si mlikuwa mkitengeneza ndogo?"

"Muulize shangazi yako."

"Muulize mama yako," alisema Mama Mkasi. "Yeye alitaka ya kuingiza kichwa."

"Sita kasema yeye, sasa anajifanya alitaka vitano!" Wifi akadakia.

"Nani? Mimi?"

Binti alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kwenye simu alikuwa ameambiwa wameachana kabisa, hawasemeshani hata salamu, na njiani alikuwa amejipanga namna ya kumfariji mama yake. Sasa hakujua amfariji nani. Akakaa kitini, akapanga pochi kumikumi, na zilipofika mia moja na sitini akaona jua limeanza kuegemea ukuta.

"Mama," akasema taratibu. "Sasa unakwenda au huendi? Niambie tu nijue."

"Huoni bado arobaini?"

"Naona. Utazimaliza, nami nitawapelekea akina mama sokoni kwa pikapu. Halafu?"

Mguu wa Wifi ulisimama kwenye kanyagio. Mama Mkasi aliendelea kukata, polepole, na mkasi ulikuwa unakata hewa, hakukuwa na turubai kati ya meno yake.

"Halafu," alisema Wifi, akikwangua uzi kwa ukucha, "hesabu mwenyewe, mwanangu. Kwa mwendo huu wa serikali ya shangazi yako, tukimaliza hizi, noti zitakuwa zimeshuka tena. Sita haitatosha. Akina mama watarudi wanataka saba. Itabidi tufumue zote tuanze upya. Sasa cherehani ikiwa kwako, nani atashona?"

"Kwa hiyo mpaka fedha ipate nguvu?"

"Ikipata nguvu, njoo unichukue siku hiyohiyo."

Binti akacheka, akaweka funguo mezani, akaenda kuchemsha chai.

Wifi akasubiri. Alijua kinachofuata. Sasa mtu wa Ufunguo atainua kidole, atasema miezi mitatu, waziri kaapa, uchumi unakua, mtashangaa. Lakini Mama Mkasi aliinama juu ya meza, akatafuta kipande kingine cha turubai, akajifanya hakioni ingawa kilikuwa mbele yake. Kwa mara ya kwanza tangu apewe kadi ya chama, alikuwa anaomba kimoyomoyo waziri awe amesema uongo.